Chasisi Moja, Bodi Nyingi: Vidokezo vya Kujenga Programu za Wavuti kwa Plagini

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye ploti ya nyumba 24 pale Kihunguro, Ruiru. Hesabu zake zote zilikuwa kwenye daftari la mraba, na kila mwisho wa mwezi keateka wake alipanda ngazi na tochi ya simu akisoma mita za maji mlango kwa mlango. Nilimtengenezea programu ya wavuti ya kupokea kodi, kujumlisha maji na kutuma risiti. Akaipenda, akamwambia jirani. Jirani naye akaitaka, ila kwake maji ni ya kisima na kila nyumba hulipa bei moja. Nikanakili folda, nikabadilisha mistari michache. Wa tatu alikuwa Makongeni, Thika, akataka faini kwa wanaochelewa. Nikanakili tena.

Kufikia mwisho wa 2023 nilikuwa na folda saba. Kisha kiwango cha ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha kikashuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5, kuanzia Januari 1, 2024. Nikafungua folda moja baada ya nyingine kurekebisha mstari uleule. Moja niliisahau, na mwenye ploti akalipa zaidi kwa miezi miwili kabla ya kuniuliza mbona hesabu yake haifanani na ya shemeji yake. Nilimwomba radhi, nikarudi Thika nikaanza upya. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu anieleze kabla ya folda ya pili.

1. Elewa kwanza chasisi ni ipi na bodi ni ipi

Sisi wa Thika tuna mfano karibu. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kilianza mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na kazi yake ni kuunganisha malori na mabasi. Chasisi ya aina moja inaweza kuvalishwa bodi ya basi la shule, ya lori la mizigo au tangi la maziwa. Fundi wa bodi hahitaji kujua pistoni zinavyopanda na kushuka. Anahitaji kujua matundu ya boliti yako wapi, na kwamba mwezi ujao hayatakuwa yamehamishwa.

Programu iliyojengwa kwa plagini iko hivyohivyo. Kuna kiini, ambacho ni kimoja kwa wateja wote, na kuna plagini zinazochomekwa na kuchomolewa bila kukigusa. Mama wa Kihunguro anachomekewa plagini ya mita za maji. Jirani yake anachomekewa ya bei moja. Kiini hakijui tofauti, wala hakitakiwi kuijua.

2. Kiini kiwe kidogo hadi kikutie wasiwasi

Baada ya kufuta na kuandika tena mara kadhaa, kiini changu kimebaki na mambo matano: nyumba, mpangaji, ankara, malipo, na nani anaruhusiwa kufanya nini. Maji hayamo. Taka hazimo. Faini, ushuru, ujumbe wa simu, risiti, zote ziko nje.

Jaribio langu ni rahisi. Nahamisha folda nzima ya plagini kwenda pembeni, nawasha programu. Ikiwaka, na mwenye ploti akaweza bado kumwandikia mpangaji ankara na kuingiza malipo kwa mkono, kiini kimepita. Ikigoma kuwaka kwa sababu ya kitu kilichomo kwenye folda ile, basi kuna kamba niliyoifunga mahali pasipostahili, na siku hiyo kazi yangu ni kuitafuta.

3. Chora ndoano kabla ya kuandika plagini yoyote

Ndoano ndiyo matundu ya boliti: mahali ambapo kiini kinasimama kidogo na kuuliza, "Kuna mwenye neno hapa?" WordPress, iliyozaliwa 2003, ilipata plagini mwaka uliofuata katika toleo la 1.2, na hadi leo mpango wake wa ndoano ni wa namna mbili tu. Namna mbili hizo zinatosha karibu kazi zote utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni tangazo. Kiini kinasema jambo fulani limetokea, anayetaka kusikia asikie. Kwangu linaandikwa hivi: `kiini.tangaza("malipo.yameingia", malipo)`. Plagini ya risiti husikia ikatuma ujumbe, plagini ya ushuru husikia ikaongeza kwenye jumla ya mwezi. Kiini hakisubiri jibu.

Ya pili ni kichujio. Hapa kiini kinakabidhi kitu, plagini inakigeuza, kiini kinakipokea kikiwa kimegeuka. Ankara ya mwezi ndiyo mfano mzuri: inatoka na kodi tupu, inapita kwa plagini ya maji ikaongezewa uniti, inapita kwa ya taka, inarudi imekamilika.

Angalia sana mpangilio wa vichujio. Tuseme kodi ni shilingi 12,000, kuna punguzo la asilimia 5 kwa mpangaji wa muda mrefu, na faini ya 500 kwa aliyechelewa. Punguzo likitangulia, ankara ni 11,900. Faini ikitangulia, ni 11,875. Shilingi 25 hizo zitaletwa mlangoni kwako na mtu aliyekunja uso, tena kwa haki yake. WordPress hutatua hili kwa nambari: kila plagini inajisajili na namba ya zamu, ya kawaida ikiwa 10, na yenye namba ndogo hutangulia. Nimeiga utaratibu huo bila kuongeza kitu, na sera ya mwenye ploti ndiyo inayoamua nani apewe namba gani.

4. M-Pesa iwe plagini, hata kama kila mtu hulipa kwa M-Pesa

Hiki ndicho kidokezo ambacho wenzangu hukipinga zaidi. Wanasema, Ruiru yote hulipa kwa M-Pesa, kwa nini tusiiweke ndani ya kiini yakaisha? Nami nilifikiri hivyo kwenye zile folda saba.

Tazama kinachoingia kutoka Daraja, lango la Safaricom kwa wanaoandika programu. Mpangaji akilipa kwenye nambari ya Paybill, seva yako inapokea taarifa yenye vitu kama TransID, TransAmount na BillRefNumber. Hicho cha mwisho ni kile alichoandika mwenyewe pale simu inapouliza nambari ya akaunti. Mpangaji wa nyumba B4 ataandika B4. Mwezi ujao ataandika "b 4". Akilipiwa na dada yake, dada ataandika "B04" au "nyumba b4" au jina la mpangaji. Katika ploti ile ya Kihunguro nilihesabu nyumba moja ikiitwa kwa namna sita tofauti.

Usafishaji wa majina hayo ni kazi ya plagini ya M-Pesa. Yenyewe ndiyo inayoondoa nafasi, kukuza herufi, kutupa sufuri ya mbele, na ikishindwa kabisa inaweka malipo kwenye kapu la "hayajatambulika" ili mtu ayaangalie. Ikimaliza, inakikabidhi kiini vitu vitano: nyumba, kiasi, njia, nambari ya rejea na wakati. Kiini hakijawahi kuona neno TransID na hakitaliona.

Faida yake niliiona siku mwenye ploti mmoja wa Membley aliposema wapangaji wake wengine hulipa benki. Niliandika plagini ya pili inayosoma faili la taarifa ya benki na kutoa vitu vilevile vitano. Risiti, ushuru, faini, vyote viliendelea bila kujua kuna njia mpya. Kazi ya siku mbili.

Kuna jambo jingine ambalo plagini hii lazima ilibebe. Taarifa moja ya malipo inaweza kufika mara mbili, hasa seva yako ikichelewa kujibu. Usiamini kwamba kila taarifa ni pesa mpya. Fanya nambari ya rejea iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, ili ya pili ikija ikataliwe na hifadhidata yenyewe. Na unapotumia STK, lile ombi linalomtokea mpangaji kwenye simu akaandika PIN, soma msimbo wa jibu: 0 ni kwamba amelipa, 1032 ni kwamba ameghairi. Nimeona programu iliyomtumia mtu risiti kwa sababu tu jibu limefika, bila kusoma jibu linasema nini.

5. Kinachoamuliwa Bungeni kisikae ndani ya kiini

Ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha ulipoanza mwaka 2016 ulikuwa asilimia 10. Tangu 2024 ni 7.5. Mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka ndiyo yanayohusika, na marejesho hufanywa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mipaka hiyo nayo iliwahi kubadilishwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoamuliwa na mwenye ploti wala na wewe, na Mswada wa Fedha huja kila mwaka.

Basi viweke kwenye plagini ya ushuru, kisha usiandike kiwango kama namba moja. Andika kama jedwali lenye tarehe: 10 kuanzia 2016, 7.5 kuanzia Januari 1, 2024. Kodi ya shilingi 12,000 iliyoingia Desemba 2023 ina ushuru wa 1,200. Ya Januari ina 900. Mtu akikuuliza leo kuhusu Desemba ile, programu inapaswa kumjibu 1,200. Ukiwa umefuta 10 ukaandika 7.5 juu yake, historia yote imegeuka uongo.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayewajengea wenye maduka. KRA, mamlaka ya ushuru, ilipoleta ankara za kielektroniki za eTIMS mwaka 2023, aliyekuwa na ndoano ya "ankara.imetolewa" aliandika kipande kimoja na kukichomeka. Aliyekuwa amechanganya uchapishaji wa risiti na hesabu ya mauzo alipasua programu nzima.

6. Kila plagini na jikoni yake

Msimbo ukitengana huku data zimechanganyika, hujatenganisha kitu. Kanuni yangu: plagini ina majedwali yake, yanaanza na jina lake, na haiandiki kamwe kwenye majedwali ya kiini. Plagini ya maji ina `maji_masomo`, jedwali la usomaji wa mita. Ikitaka kuongeza kitu kwenye ankara, inapitia ndoano kama mgeni yeyote anayepita mlangoni.

Mfumo ninaopenda kujifunza kutoka kwake ni OpenMRS, wa rekodi za wagonjwa, kwa sababu umekua katika udongo wetu. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, waliuanza mwaka 2004, na mahitaji yaliyouzaa yalikuwa ya mpango wa AMPATH kule Eldoret, ambako wagonjwa wa HIV walikuwa wakiongezeka kuliko karatasi zinavyoweza kubeba. Una kiini na moduli. Moduli huja kama faili moja la aina ya omod, unaipakia, unaiwasha. KenyaEMR inayotumiwa katika vituo vya afya nchini imejengwa juu yake kwa moduli.

Uamuzi wao uliozaa matunda zaidi uko kwenye data. Hawakuweka safu ya "uzito" na safu ya "presha" kwenye jedwali la mgonjwa. Waliweka kamusi ya dhana, na kila kipimo kikawa mstari: mgonjwa huyu, dhana hii, thamani hii, siku hii. Kliniki ikitaka swali jipya kwenye fomu, linaongezwa kwenye kamusi. Majedwali hayaguswi.

Lakini bei yake ipo na inafaa kusemwa. Kutoa ripoti kutoka kwenye mistari ya namna hiyo ni kazi nzito, ndiyo maana KenyaEMR huyapanga upya majibu katika majedwali ya pembeni yaliyonyooka ili ripoti zitoke haraka. Kwa ploti yenye nyumba 24, kamusi ya dhana ni mzigo wa bure. Majedwali yenye jina la plagini yanakutosha.

Na tofautisha kuzima na kung'oa. Mwenye ploti akizima plagini ya maji, masomo ya mita yabaki. Atakapoiwasha tena baada ya miezi mitatu atayataka.

7. Plagini ikianguka, wengine waendelee na safari

Mtoa huduma mmoja wa ujumbe mfupi aliwahi kunyamaza Jumamosi nzima, tarehe mbili, siku ambayo kodi zinamiminika. Kwenye mfumo wangu wa zamani, malipo yalikwama kwa sababu risiti haikutumwa. Pesa imefika, programu inasema haijafika, mpangaji amesimama mbele ya keateka na simu mkononi akimwonyesha ujumbe wa M-Pesa. Hali hiyo haipaswi kutokea kamwe.

Zungushia kila plagini ukuta: ikikosea, kosa liandikwe kwenye kumbukumbu, tangazo liende kwa plagini inayofuata. Kazi inayotegemea mtandao wa mtu mwingine iwekwe kwenye foleni na ipewe kikomo cha sekunde. VS Code, kihariri ambacho wengi wetu tunakitumia, huendesha plagini zake katika mchakato wa pembeni, kwa hiyo moja ikiganda bado unaendelea kuandika.

8. Ndoano ni ahadi

Ukishaita tukio `malipo.yameingia`, jina hilo si lako tena peke yako. Ongeza vitu ndani yake upendavyo, ila usiondoe na usibadilishe maana. Ikibidi kabisa, weka tukio jipya kando ya la zamani, upe toleo la kiini namba mpya ya mbele, na kila plagini itaje toleo inalolihitaji ili kiini kiikatae mapema ikiwa haviendani.

Kuhusu plagini na maktaba za watu wengine, kumbuka Machi 2016. Mwanaprogramu Azer Koçulu aliondoa kazi zake kwenye ghala la npm, na kipande kimoja cha mistari 11 tu, left-pad, kikavunja ujenzi wa programu duniani kote. Funga namba za matoleo unayoyatumia, na kitu cha mistari 11 kiandike mwenyewe.

9. Usimpe kila mgeni funguo zote

Programu ya ploti ina nambari za vitambulisho, za simu, na habari ya nani amelimbikiza madeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Plagini ya taka inahitaji nambari ya nyumba na kiasi. Kitambulisho cha mpangaji kina kazi gani huko? Kila plagini itaje inachoomba, kiini kiipe hicho tu.

10. Subiri mteja wa tatu

Usigeuze kila kitu kuwa plagini kwa sababu unaweza. Nikiombwa jambo na mmoja, naliandika kwa njia rahisi kabisa. Wa pili akiliomba tofauti kidogo, naanza kulitazama. Wa tatu akija, sasa najua kinachobadilika na kisichobadilika, na ndoano najua niiweke wapi. Ndoano zangu mbovu zote ni zile nilizozibuni usiku kwa ajili ya wateja ambao hawakuwahi kuja.

Ushuru na malipo ndiyo yasiyosubiri. Hayo yatoe nje tangu siku ya kwanza.

11. Mfumo wa zamani usiung'oe, uupandikize

Ruiru ni nyumbani kwa kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Mkulima mwenye mibuni ya zamani ya SL28 halazimiki kuing'oa. Hukata, huacha machipukizi, hupandikiza Ruiru 11 juu ya mizizi ileile, na anaweza kuacha shina moja la zamani liendelee kuzaa mpaka kipandikizi kishike.

Nilizihamisha folda zangu saba kwa namna hiyo. Kwanza nilitoa ushuru peke yake, ukawa plagini, mengine yakabaki yalivyo. Mwezi uliofuata nikatoa M-Pesa, na kwa siku 30 njia ya zamani na mpya zilifanya hesabu bega kwa bega, nikizilinganisha kila jioni. Maji yalikuwa ya mwisho. Hakuna mwenye ploti aliyekosa ripoti hata siku moja.

12. Mpe mwanafunzi wa atachimenti plagini moja

Kati ya Thika na Ruiru tuna JKUAT pale Juja, Mount Kenya University, Zetech, na vijana wanaotafuta nafasi za mafunzo ya kazini kila muhula. Wachukue. Tena watakupima kuliko mteja yeyote.

Mwaka jana nilimpokea msichana mmoja wa mwaka wa tatu. Nilimpa ukurasa mmoja wenye orodha ya ndoano, nikamwomba aandike plagini ya kuwakumbusha wapangaji siku tatu kabla ya tarehe ya kodi, bila kufungua folda ya kiini. Jumanne alikuja akasema hawezi: hakuna ndoano inayomwambia ankara inadaiwa lini. Alikuwa amesema kweli. Niliongeza moja, `ankara.inakaribia`, mistari minne, nikaiandika kwenye ukurasa wake kwa kalamu. Ijumaa mchana keateka wa Kihunguro alinipigia simu kuuliza mbona wapangaji wameanza kulipa kabla hajagonga mlango.

Ukurasa ule ninao bado, umebandikwa juu ya meza, na sasa una maandishi ya kalamu ya watu watatu.